Picha Iliyokatikia Stendi

Enzi zetu picha ilitazamwa na watu wachache na kuhukumiwa na kijiji kizima. Nawaambia ninyi tuliokua pamoja, maana watoto wetu hawataamini. Binti yangu Neema anatazama picha kwenye simu, ameiongezea kasi mpaka watu wanatembea kama wamekanyaga siafu, na huku anasoma maoni ya wenzake waliokwisha kuimaliza. Nikimuuliza ilihusu nini, ananijibu, "Kali." Nikimuuliza kali kivipi, ananiangalia kwa huruma. Sisi picha moja ilitupa maneno ya mwezi mzima.

Mnalikumbuka banda la video la pale Dongobesh? Mabati juu, magunia madirishani, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, na jenereta huko nyuma likikohoa moshi mpaka ndani. Picha zilionyeshwa siku ya gulio tu, mchana, na ukitoka nje jua linakupiga machoni mpaka unasahau nyumbani ni upande gani. Mwenye banda alikodi kanda Babati, akamweka kijana mmoja kando ya televisheni atutafsirie. Kiingereza cha kijana yule kilikuwa cha kubahatisha. Akikwama, alitunga. Watu wa kwenye picha walikuwa wa Afrika Magharibi huko, lakini kinywani mwake walitukanana kama watu wa mnadani, walikunywa pombe ya mtama, na wakigombana walitishana kupelekana kwa mtendaji wa kata. Sisi tulimwamini kabisa.

Mimi, mtoto wa kike, niliingia kwa mgongo wa kaka yangu Boay. Alimsombea mwenye banda maji, na ujira wake ulikuwa sisi wawili kukaa chini mbele kabisa, shingo juu, miguu ya watu wazima mgongoni.

Wanawake hawakuingia bandani. Hakuna aliyewakataza, ilijulikana tu. Kwa hiyo picha ilibidi iwafuate nyumbani. Kwetu ni mwendo wa kupanda kutoka Dongobesh, na msimu wa vitunguu swaumu kina mama walikusanyika uani kwetu kukata mikia na kusugua udongo kabla ya kufunga magunia. Harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye uji, hata kwenye madaftari. Ukungu ukishuka walijifunika mablanketi mabegani, visu mkononi, na mimi nikapandishwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Haya," Mama alikuwa akisema, "tuletee ya leo."

Nikawaletea. Nilipigana ngumi peke yangu, nikalia peke yangu, nikaanguka kutoka kwenye ndoo pale steringi, shujaa wa picha, alipopigwa risasi. Kisha wakaanza kuhukumu, na hakimu mkuu alikuwa Mama Paskali, jirani yetu, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hakuna steringi aliyewahi kumridhisha. Shangazi Magdalena, dada yake baba, yeye aliwahurumia wabaya wote, akisema lazima hawakulelewa na mama zao. Mama yangu alicheka tu, akaendelea na kisu.

Niseme sasa kuhusu baba. Baba yangu alikuwa mtu mzuri sana barabarani. Sokoni alitaniana na kila mtu, msibani alikuwa wa kwanza kushika jembe. Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Sikio la kushoto la Mama lilikuwa halisikii, na sote tulijua lilivyoacha kusikia. Shangazi alijua, Mama Paskali alijua, na hakuna aliyelitamka. Walizoea tu kwamba ukiongea na Mama Boay atageuza kichwa akupe sikio la kulia.

Sasa siku moja ya gulio ikaja ile picha. Mwanamke anapigwa na mumewe, ana watoto wawili. Alfajiri anawaamsha, anawaambia wanakwenda kumsalimia bibi. Anabeba begi, anafika stendi, anapanda basi. Dereva anamtazama kwenye kile kioo cha juu. Anamtazama muda mrefu. Hapo hapo jenereta likakohoa, likazima, na televisheni ikabaki nyeusi. Petroli imeisha. Watu walipiga kelele, wakapiga mabati, mwenye banda akaapa kwamba gulio lijalo tutamalizia. Gulio lilipofika kanda ilikuwa imeshadaiwa na wenyewe ikarudi Babati.

Nilipowasimulia kina mama, visu vilisimama.

"Alimshusha," Mama Paskali akasema. "Madereva wote wanajuana na waume za watu."

"Hata angefika kwao," Shangazi akasema, "kaka zake wangemrudisha. Ng'ombe walishaliwa."

Ndipo Mama, ambaye hakuwa mtu wa kutoa maoni, akasema, "Aliondoka naye. Dereva ana safari yake. Ugomvi wa nyumba za watu unamhusu nini?" Akakata kitunguu kimoja, akakitupa kwenye beseni. "Ila lile begi lilikuwa kosa. Mwanamke anayekimbia habebi begi. Begi linamsemea njia nzima."

Wote wakacheka. Mimi nilicheka zaidi, kwa furaha ya kuona hatimaye picha imempendeza Mama yangu. Tangu siku hiyo alikuwa ananiomba niirudie tukiwa wawili jikoni, na hakutaka kipande kingine chochote. Rudia pale anapowaamsha watoto. Mdogo alilia? Alimnyamazishaje? Walivaa nini? Jua lilikuwa limeshatoka au bado? Yale nisiyoyakumbuka nilimwambia sikumbuki, naye akakoroga ugali, akauliza tena kesho yake. Nilijiona msimulizi wa maana sana.

Vitunguu vya mwisho vilipokuwa vinafungwa, baba alikwenda kwenye harusi ng'ambo ya bonde, na tulijua pombe ya harusi haimrudishi mtu siku hiyo hiyo. Kulipokucha Mama alituamsha mimi na Boay. Alituvalisha nguo za Krismasi na viatu. Akasema, "Twendeni tukamsalimie Bibi."

Nilimtazama Boay, Boay akanitazama. Ile sentensi tulikuwa tunaijua.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa anaishi Masakta, huko chini Hanang. Mama hakubeba begi. Alibeba gunia la vitunguu swaumu kichwani, kama mwanamke yeyote anayepeleka vitu sokoni, na humo katikati ya vitunguu zilikuwemo nguo zetu zote. Tuliteremka nyuma yake. Waliokutana nasi walimsalimia, naye akawajibu vizuri, akasimama hata kuulizia wagonjwa wao. Mpaka leo namwona alivyokuwa amenyoosha shingo chini ya lile gunia.

Stendi tulikuta basi limewashwa, viti karibu nusu vina watu. Dereva alikuwa rafiki wa baba. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatusaidia kupandisha gunia.

"Shemeji, mbona mapema hivi?"

"Napeleka vitunguu nyumbani."

Akatutazama sisi. Akatazama viatu vyetu vya Krismasi, na haikuwa Krismasi wala Jumapili. Akaenda kukaa kwenye usukani, akamtazama Mama kwenye kioo cha juu, na mimi nikajua tumefika pale petroli ilipoishia.

"Kaeni tu, shemeji," akasema. "Tunangoja watu kidogo." Akazima gari.

Nani angeshangaa? Mabasi yote yanangoja watu. Alimwita kondakta wake pembeni, wakanong'ona, kondakta akapanda baiskeli akaenda zake. Tukangoja. Viti vikajaa. Tukangoja. Watu wakasimama katikati, mzee mmoja akalalamika kwamba atakosa kliniki, mama mwenye kuku akatukana wazi wazi. Dereva alikuwa ameegemea mlango, kijiti mdomoni, anatazama barabara ya ng'ambo ya bonde. Mama alikuwa ameweka sikio lake zima upande wa dirisha. Mkono wake ndani ya wangu ulikuwa umelowa.

"Ataondoka sasa hivi," akaniambia. Baadaye akaniambia tena.

Baba alikuja amepakiwa kwenye ile baiskeli, anacheka. Alimshukuru dereva, akawaamkia wazee wote ndani ya basi mmoja mmoja, akasema, "Mke wangu kakosea siku ya gulio," na watu wakacheka naye, maana alikuwa mtu wa kuchekwa naye. Alilibeba gunia begani mwenyewe. Alitununulia maandazi. La kwangu nililila lote, nilikuwa na njaa.

Nyumbani alilimimina gunia uani. Vitunguu vikabingirika, na gauni langu la shule likabaki juu ya lundo. Akatuambia tuchukue ndoo tukachote maji. Tulipokuwa tunarudi, kabla hatujaufikia mparachichi wa jirani, tulimsikia Mama. Kisha hatukumsikia. Boay alitua ndoo yake njiani na kukaa chini, akaziba masikio, na mimi nikasimama kando yake maji yakinimwagikia shingoni, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Mama alilala mpaka maharage yakatoa maua. Nyonga yake iliunga vibaya, na mguu ule haujanyooka tena. Shangazi alileta uji kila asubuhi na kuondoka bila kukaa. Kesi haikuwepo, kwani nani angeifungua? Msimu uliofuata kina mama wakaja tena uani na visu vyao. Mama Paskali, kwa kutaka tu kuchangamsha watu, akauliza kama leo hakuna picha, na ile ya mama wa kwenye basi iliishaje.

"Iliisha," Mama akasema. Akageuza ndoo yangu, akatia maji, akaanza kuosha mikono.

Sikupandishwa tena juu ya ndoo.

Baba tulimzika zamani, na waliosimama kuongea wote walisema alikuwa mtu wa watu. Banda la video limekuwa duka la pembejeo. Sisi tuliosoma pamoja tumetawanyika, ila tuna kundi letu kwenye simu la kuambiana picha tulizotazama, na nyote mliomo mnajua kelele zake. Mmoja wetu, mwalimu, hakubali picha isiyo na ngumi. Mwingine kila picha anasema aliyeimaliza ana muda wa kuchezea. Mwezi uliopita Boay, ambaye siku hizi ni fundi ujenzi na huwa haandiki chochote, akatuma picha moja bila neno. Mkaifungua, mkacheka. Sauti mbovu, mkasema. Mabega ya magauni kama mito ya kulalia. Mwanamke anaigiza kama anasoma tangazo. Mkaniuliza maoni yangu, maana mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu, na mimi nikaizima simu. Ilikuwa ni ile.

Nilikwenda nayo kwa Mama, shule zilipofungwa, pamoja na Neema. Tulimkuta uani na beseni la vitunguu, mguu ameunyoosha kwenye mkeka. Neema alimwamkia, akaiegemeza simu kwenye beseni, na Mama akageuza kichwa ailetee sikio la kulia. Hakuwa ameiona hata mara moja. Alikuwa ameisikia tu kwangu.

"Bibi, nikusogezee mbele? Huku mwanzo hakuna kitu."

"Iache itembee yenyewe."

Ikatembea. Mume alipompiga yule mwanamke, Neema aliuliza kwa nini asipige simu tu. "Angempigia nani?" Mama akasema, bila kutoa macho kwenye kioo. Alfajiri ikafika, watoto wakaamshwa, mwanamke akavuta kitu kutoka chini ya kitanda.

"Bado amebeba lile begi," Mama akasema, na nusura acheke.

Stendi. Basi. Dereva akamtazama kwenye kioo cha juu, akamtazama muda mrefu, na safari hii jenereta halikuzima. Aliwatazama watoto. Kondakta wake akapiga bodi akisema bado watu, tungoje. Dereva hakumjibu. Alivuta mlango, akatia gia, na basi likaondoka, na picha ikatuonyesha kutoka nyuma, mwanamke na watoto wake wawili, na safu za viti visivyo na mtu.

Mama alikaa na kitunguu mkononi.

"Kumbe aliondoka na viti vitupu," akasema.

Hakutuambia sisi. Kisha akamwambia Neema azime.

"Bibi, bado haijaisha."

"Imeisha."

Neema alizima, akaniangalia, na mimi nikainamia beseni nikachukua kisu. Tulikata vitunguu mpaka ukungu ukashuka.

Watoto wa siku hizi mwisho wa picha wanaujua kabla hawajakaa, na ukiwakera wanautafuta mwingine. Sisi mwisho wetu ulitegemea petroli, na kama haukufika ulibaki kutungiwa na watu uani, kila mtu kwa anavyoijua dunia yake. Natamani kusema zamani ilikuwa bora. Vitunguu vilikuwa bora, na maneno, na vicheko vya kina mama ndani ya ukungu, hivyo ningevirudisha hata kesho. Maoni yangu bado mnayadai kundini, nimeandika na kufuta mara nyingi. Ila nikipita stendi ya Dongobesh, basi limewashwa, dereva akasema tungoje watu kidogo, mikono yangu inalowa. Huwa namwambia, "Twende tu, kaka yangu, hao wengine watapandia njiani." Abiria wananicheka, wanasema huyu mama ana haraka za mjini.