Kuku wa Matroni Wamesusa

"Hawa ni kuku au ni wakaguzi?" Matroni aliuliza, ndoo mkononi. "Hebu njoo uone! Chakula nimewawekea tangu saa moja. Wamekiparua chote chini, wakachagua chenga za mahindi, basi. Dagaa wamesusa. Mashudu wamesusa. Pumba ndiyo hata kuiangalia hawataki. Yaani wananipiga chenga kwa chenga zangu mwenyewe!"

"Labda hawana njaa," alisema mumewe, Fundi Sponji.

"Hawana njaa? Wamekula wapi? Wamealikwa kwenye sherehe mimi sina habari?"

Fundi akajifanya anatafuta misumari mfukoni. Hilo swali la wamekula wapi lilikuwa swali zuri mno, na duniani kote mwenye jibu alikuwa yeye peke yake.

Fundi alikuwa mtengeneza makochi. Karakana yake ilitazama barabarani, mlango wa nyuma ukafungukia uani kwenye banda la kuku. Mkewe alikuwa matroni wa bweni la wasichana miaka mingi. Alishastaafu, ila kustaafu kwenyewe hakujaifikia sauti yake. Akiita "wewe!" uani, wapita njia watatu wanageuka.

Sasa, mwezi na nusu nyuma daktari alimfunga Fundi ule mpira wa presha mkononi, akaangalia namba, akaguna. Akasema mafuta basi, mayai basi, chumvi ya kunusa tu. Matroni aliyapokea maneno yale kama mtu aliyerudishwa kazini. Tangu siku hiyo kila asubuhi Fundi anapewa bakuli la uji wa ulezi, hauna sukari, hauna maziwa, umekaa tu unakutazama.

Siku ya kwanza aliunywa. Siku ya pili aliupeleka karakana "nikaunywe huku nakata kitambaa", akafungua mlango wa nyuma, akaumimina kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi. Kuku sita waliuvamia kama wamesikia kuna mgao. Na kwa kuwa kuku wana adabu zao, baada ya hapo wakawa wanaingia karakana kutagia kwenye gunia la mabaki ya sponji. Fundi hakuwafundisha. Walijiongeza wenyewe.

Mayai hayo aliyakaanga kwenye jiko la mafuta ya taa nyuma ya magodoro, na kitunguu juu. Harufu ya gundi ya makochi ilifunika kila kitu. Maganda aliyasokomeza ndani ya makochi ya watu. Hadi leo kuna sebule moja, ukiegemea vibaya, kochi linasema kach.

Kwa hiyo Matroni alichokiona ni hiki: kuku hawali, kuku hawatagi.

"Wabadilishie chakula," Fundi alijaribu.

"Nimebadilisha mara tatu."

"Basi waombee."

"Niwaombee kuku?" Matroni akaweka ndoo chini. "Sikiliza, baba watoto. Nimeshamwita mdogo wangu. Leo anawabeba wote sita, wakawe supu."

Fundi akaacha kutafuta misumari. Mdogo wa Matroni alikuwa na hoteli ndogo pale stendi, na supu yake haikujua huruma. Wakienda kuku, mayai yameenda, na ule uji nani ataunywa? Halafu kulikuwa na Meneja. Meneja alikuwa kuku mwekundu, mwenye mwendo wa mtu aliyefunga mikono mgongoni. Kila saa kumi jioni huingia karakana, anasimama kwenye kipande cha ngozi, Fundi anamweleza wateja walivyo wasumbufu. Hajawahi kumkatiza hata siku moja. Katika nyumba ile, hiyo haikuwa bahati ndogo.

Geti likalia. Shemeji kaingia na tenga begani.

"Shikamoo dada. Shemeji, mambo? Mbona uso kama umekalia msumari? Usijali, hawa nitawapa heshima zao zote. Kitunguu, nyanya, na pilipili kwa mbali."

Alikamata wawili, akawatia kwenye tenga. Wa tatu akawa Meneja. Akampima mkononi, akampima tena.

"Dada, ulisema hawali?"

"Hawali."

"Kuku asiyekula ana paja kama hili?"

"Ndiyo maajabu hayo. Hali, hatagi, ananenepa."

"Kama Fundi tu," shemeji akasema, akacheka. "Mwezi na nusu uji mtupu, na mkanda juzi kaulegeza tundu zima!"

Matroni hakucheka. Alimtazama Meneja, akamtazama mumewe tumboni, akaingia jikoni polepole. Alirudi na bakuli.

"Uji wako huu. Leo kaa hapa hapa unywe, mimi nakuona."

Fundi akakaa kwenye kigoda. Alijiambia atakunywa haraka, kama dawa. Akakoroga. Halafu mkono, kwa mazoea yake tu, bila kumshauri mwenye mkono, ukagonga kijiko kwenye ukingo wa bakuli. Kong, kong.

Lo! Kuku watatu waliokuwa bandani walitoka mbio mabawa wazi. Wa kwenye tenga wakaanza kulipasua tenga. Meneja akampiga shemeji bawa la shavu, akaruka, akatua kwenye goti la Fundi, akatumbukiza mdomo ndani ya uji.

Kilichosikika ni Meneja akinywa.

"Fundi," Matroni aliita. Siku zote humwita mume wangu au baba watoto. Akikuita kwa kazi yako, ujue umekwisha.

"Naam."

"Na kutaga?"

Hapo Fundi angeweza kusema hawatagi. Neno moja tu, naye anatoka na kosa la uji peke yake. Shemeji alikuwa tayari amemnyakua Meneja, anamfunga miguu kwa kamba.

"Wanataga," Fundi akasema. "Wote. Wanataga vizuri tu. Mfungue."

"Yako wapi mayai?"

Fundi akatupa jicho kwenye mlango wa karakana. Shemeji akapiga paja.

"Kumbe! Mimi kila nikipita najiuliza, gundi gani hii inanukia kitunguu?"

Matroni akafumba macho kidogo. Bega likamtingishika mara moja. Kama kilikuwa kicheko alikimeza.

"Wewe, fungua kuku wangu," akamwambia mdogo wake. "Tenga lako chukua. Jiko la karakana nalo chukua, ukalitumie hotelini. Na wewe, daktari tunakwenda kesho mimi na wewe, utamweleza kwa mdomo wako. Uji huo malizia."

"Kuku kaweka mdomo."

"Mmezoeana."

Akaunywa wote, kuku sita wamemzunguka wanamtazama kila mkunjo wa koo. Ulipokwisha, akawaonyesha bakuli tupu. Meneja alichungulia ndani, akaondoka hadi kwenye chombo cha chakula, akadonoa pumba kidogo, akakung'uta kichwa, akadonoa tena.

"Karibu kwenye daieti," Fundi akamwambia.

Kisha akafuta masharubu, akachukua nyundo na futi kamba. Mteja wake, daktari wa meno, alikuwa anamsubiri tangu asubuhi, kiti chake cha wagonjwa kimechanika ngozi. Akatoka getini bila kugeuka, maana nyuma yake, kutoka karakana, sauti ya Matroni ilikuwa imeanza kuuliza kuhusu gunia la sponji.