Insha ya Mbung'o

Juzi nilimwona mjukuu wangu akinakili maneno ya kitabu bila kutaja alikoyatoa, nikakumbuka alasiri moja shuleni kwetu Shinyanga. Maktaba yetu nzima ilikuwa kabati moja, likinuka mafuta ya taa yaliyopakwa kuzuia mchwa. Mwalimu aliniita mbele nisome insha yangu ya mbung'o, nzi waliokuwa wakiwamaliza ng'ombe wetu.

Nilipomaliza akauliza, "Binti, haya umeyatoa wapi?"

Leo najua kutaja ni heshima. Siku ile nilidhani ni kukiri wizi.

"Nusu nimesoma kwenye kitabu cha kabatini, Mwalimu. Nusu kaniambia bibi yangu, Kabula. Yeye hajui kusoma."

Nilingoja fimbo. Mwalimu akachukua chaki, akaandika ubaoni jina la kitabu, na chini yake, kwa herufi kubwa zilezile: Bibi Kabula.

"Mwenye maneno atajwe," akasema. "Mpigieni makofi!"

Nilikimbia mpaka nyumbani. Bibi alikuwa akitwanga mtama.

"Bibi, umeandikwa ubaoni, pamoja na kitabu!"

Akatupa mchi, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.