Kijani nilichopaka kwenye ubao wa hewa kambini

Wakuu, habari zenu. Wakubwa, shikamooni.

Haya niliyafanya mwenyewe, sijitetei.

Wiki nzima swali moja lilininyima usingizi: rangi yangu ndiyo iliyomlaza mtoto wa Mama Diyonizi zahanati?

Miaka ile Warundi wanavuka kupitia Kagunga, mimi, kijana wa Gungu, Kigoma, nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira. Nikapata kibarua kambini: kila asubuhi nasoma mashine inayopima moshi hewani, kisha napaka rangi ubao wa getini. Kijani, hewa salama. Nyekundu, hatari.

Wakimbizi walinitania. "Daktari wa hewa, leo tumeruhusiwa kupumua?"

Kila siku nilipaka kijani.

Mama Diyonizi, mkimbizi ambaye mwanawe ana pumu, alikuwa anautazama ubao kwanza. Akiona kijani, anapika huku kambeba mtoto mgongoni. Jioni moja mtoto akabanwa kifua, wakamkimbiza zahanati.

Akaja kwangu. "Mwana wanje, mwanangu, kusoma sijui, lakini rangi naijua. Si ulisema kijani?"

Hakugomba. Heri angenitukana.

Nikazifungua namba za kila saa, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Jioni, mahema yote yakiwasha kuni mbichi kwa pamoja, namba zinapaa. Usiku zinashuka. Mimi nilikuwa nachukua wastani wa siku nzima, na usiku ule wa watu waliolala ulikuwa unaufuta moshi wa jioni.

Tena mashine ilikuwa juu ya paa la ofisi, kwenye umeme wa sola. Hakuna anayepikia pale.

Nikamweleza bosi. "Paka wastani," akasema. "Ukipaka nyekundu watauliza wapikie nini, na kuni kavu hatuna."

Kesho yake nikapaka kijani tena. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo.

Mtoto alirudi kutoka zahanati siku ya nne. Jioni hiyo nilipaka ubao wote nyekundu, nikachora chungu juu ya moto ili asiyejua kusoma ajue ni saa ya kupika. Nikakabidhi funguo za ofisi, nikaacha kazi.

Mama Diyonizi alikuwa anapita, mtoto mgongoni. Akautazama ubao.

"Ego, ndiyo, nimeona," akasema. "Sasa nikapikie wapi?"

Akaenda kuwasha moto.

Wakuu, mkionyeshwa rangi ya hewa, ulizeni mashine iko wapi na namba ni ya saa ngapi. Ila swali la yule mama sina jibu lake. Mwenye nalo aniandikie hapa chini.