Mama Mianda Anapiga Chini

Kila samedi, ile Jumamosi, asubui, bitu byote inje! Matela ya kulalia inje, meza inje, makaratasi ya mémoire yangu ya kumaliza masomo inje, sawa vile tunahama. Njo vile Mama Mianda, mwenye nyumba, anaishi na sisi banafunzi benye kupanga kwake. Anaingia na muti yake ya kutwangia sombe, majani ya muhogo, anapiga simenti ya chumba: ku, ku, ku. Kisha anainama, anaweka sikio chini, anafunga macho.

"Mama, tena unatafuta nini?" namuuliza.

"Natafuta mwizi wa nyumba yangu, mutoto wangu."

Si uongo. Hapa Kolwezi mutu anaweza kupanga chumba yako na adabu yote, mama huku, mama kule, kumbe anachimba madini ya cobalt chini ya kitanda mpaka nyumba inaanguka. Na Mama Mianda ni mujane. Aliuzishaka samaki ya kukauka ku soko mpaka magoti ikakataa. Sasa iko na hii nyumba tu, ya byumba tatu. Lakini kunishuku mi, Louise, mutoto wa kule Sandoa, mwenye kusoma master ya droit, mambo ya sheria? Hata jembe sijui kushika! Alikuwa ananikamata mikono, anatafuta malengelenge. Nilikasirika sana, lakini nilimupa tu mikono. Kupata chumba mu hii muji ni mateso, batu ba makampuni bamekamata yote. Kama ananifukuza mbele ya kumaliza mémoire, narudia Sandoa mikono mitupu.

Badibanga wa chumba ya pili, yeye alifukuzwa. Alikuwa anasoma géologie, mambo ya mawe na udongo. Samedi moja Mama alipopiga kwake, na yeye aliinama, akaweka sikio.

"Mama, hapa chini kuko..."

Hakumaliza. "Toka! Kumbe mwizi ni we!" Alitoka na matela ku kichwa, anaapa kwa Mungu. Mi nikasema: ah, kumbe njo yeye.

Nilizani sasa tutapumzika. Wapi! Mama aliendelea kupiga, na zaidi mu chumba yangu. Basi na mi nikaanza kumushuku. Juu ya nini chumba yake haifunguke hata kwa mutu mwenye kumuletea maji? Juu ya nini bustani yake ya matembele inazidi kupanda juu, udongo mupya, mwekundu, na magoti yake ni mabovu? Tena bandugu yake babili banakuya kumusalimia, banashinda mu chumba yake muchana muzima, banatoka bameoga. Salamu gani ile ya kuogea?

Samedi iliyofuata nilitosha bitu inje bila kuambiwa. Akapiga karibu na mulango: ku, ku. Akapiga pale kitanda yangu inasimamaka: bum. Hata mi nilisikia. Nilingoja anikamate shingo, aite majirani, apige makelele sawa siku ya Badibanga. Alisimama tu, anapanguza sikio na kitambaa yake, hanitazame.

"Mutoto wangu," akasema polepole, "kitanda utaweka kule, karibu na mulango."

Yesu wangu! Kumbe hakutafutaka mwizi hata siku moja. Alikuwa anasikiliza shimo yake imefika wapi.

Nilimutazama. Nilifikiri polisi, nilifikiri Sandoa, nilifikiri ile mémoire yenye kubakia sura moja tu.

"Ndiyo, Mama," nikamujibu, nikarudisha kitanda ndani, nikaiweka karibu na mulango.