Ncha za Viatu vya Fundi

Jogoo wa kwanza aliwika, Fundi hajarudi. Jioni alitoka na koti la bwana harusi kwapani, akisema, "Nalipeleka, nageuza." Mkewe alikaa kwenye kiti cha cherehani, simu mapajani, roho mkononi. Binti yao mkubwa alikuwa nje na majirani, wakimtafuta kwa tochi.

Kando ya mlango vilikuwapo viatu vyake vya zamani, visigino vizima, ncha zimelika. Tangu mwaka jana mtu huyu alikuwa akiburuta miguu, mkono wa kushoto ukining'inia tu kama wa kuazima. Uso nao uliganda. Jirani alimtania, "Fundi, mbona umenuna kama uliyelishwa shubiri?" Fundi, ambaye zamani angemrudishia maneno matatu kwa moja, alimkodolea macho tu.

"Uzee huo," mkewe alijiambia.

Kisha zikaja nguo. Shati la mwalimu lilipachikwa mfuko mgongoni. Koti la harusi nalo likatoka na mikono yote miwili ya upande wa kushoto. Fundi akilala, mkewe hufumua, hukata kitambaa upya na kushona. Asubuhi wateja husifu, "Fundi hazeeki!" naye Fundi huamini. Binti alipouliza, "Mama, baba yuko sawa kweli?" alijibiwa, "Baba yako mzima kama chuma. Acha uchuro."

Simu ikaita.

"Mama, tumempata. Yuko kwenye duka letu la zamani."

Duka hilo walilihama miaka tisa iliyopita. Sasa ni ghala la saruji la watu. Mama alifika akihema. Fundi alikuwa mbele ya mlango wa chuma, akisukuma ufunguo wa nyumbani kwenye kufuli la wenyewe.

"Mama watoto, afadhali umekuja. Kufuli limeshika kutu, na bwana harusi anasubiri."

Binti alikuwa amelishika koti, akipapasa bega kwa kidole.

"Mama, huu si mshono wa baba. Huu wako."

Mama aliufunika mshono kwa kiganja.

"Tangu lini?" binti aliuliza.

"Tangu mwaka jana, mwanangu. Niliona. Niliona yote."

Binti aligeuka upande, akajifuta macho kwa mkono.

"Jaribu wewe, mke wangu," alisema Fundi. "Mkono wako mwepesi."

Mama aliupokea ufunguo. Akauingiza, akauzungusha taratibu, mumewe akimtazama. Mlango haukufunguka. Akajaribu tena.