Nilivyoitikia Salamu ya Runinga

Chekechea yangu hapa Kanyenye nimeijenga mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la tatu. Wazazi walitaka kuhamisha watoto, eti mzee hajui mambo ya kisasa. Mwalimu Zuhura akapata mtandaoni masomo ya bure ya kufundisha watoto salamu. Siku ya kikao cha wazazi nikasema nitayafungua mimi, mbele yao.

Nikabonyeza. Dada mmoja akatokea kwenye runinga.

"Shikamoo, babu!" Akanyamaza akinitazama.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Vizuri sana!"

Nikamshukuru kwa kutufundishia bure, nikamwambia aseme yuko wapi nimtumie asali. Zuhura akanivuta shati.

"Mzee, subiri kidogo."

"Usiniingilie, mwalimu. Naongea na mgeni."

Yule dada akatabasamu vilevile, akanikazia macho.

"Shikamoo, bibi!"