Bunduki ya Babu Darini

Harufu ya mafuta ya bunduki, kwangu mimi, haiji bila moshi wa kuni. Wengine wanaisikia peke yake, harufu ya chuma safi yenye ukali kidogo. Mimi nikipata hata ile ya mafuta ya cherehani pale Mbinga mjini, naliona jiko letu la Matiri, dari ya fito iliyoiva kwa masizi, mahindi ya mbegu yakining'inia na maganda yake, na mimi, mtoto wa kike wa miaka kumi na moja, nimepanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nimenyoosha mikono. Kwetu kitu cha thamani kilikaa juu ya moto. Mbegu za mahindi, mbegu za maharage, hata cheti cha ndoa cha Bibi ndani ya kopo lake. Ukungu wa milima ile unaingia mpaka kwenye shuka, na kuta zinatoka jasho, kwa hiyo moshi ndio ulikuwa kabati letu. Nayasema haya mapema ili mnielewe, maana nilichofanya sikukifanya kwa utundu.

Babu mzaa baba, ambaye ujanani alikuwa askari wa wanyamapori, alifariki mwanzoni mwa mvua akaacha bunduki mbili. Zote zilikuwa pointi ishirini na mbili, zile za risasi nyembamba inayogongwa ukingoni mwa kitako chake, zisizo na makuu: ni za kanga, kwale na sungura, basi. Moja ilikuwa ya magazini, nyepesi, inameza risasi kumi. Babu aliinunua uzeeni na hakuipenda. Alidai inamfundisha mtu uvivu, kwa kuwa akikosa anajua ana nyingine tisa. Ilikaa ndani ya boksi lake chini ya kitanda. Ya pili ilipokea risasi moja moja, ina mtutu mzito, na mbao yake ilikuwa imelainishwa na shavu la Babu kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo aliyoibeba kanga walipokuja kufukua mbegu kwenye ngolo, yale mashimo na matuta tunayochimba mteremkoni. Alilala kifudifudi akasubiri mpaka unachoka wewe unayemtazama, halafu ta! Moja tu. Kanga amepigwa kichwani, nyama haina tundu. Mimi ndiye niliyewabeba kwa miguu hadi kwa Bibi, na Bibi aliwanyonyoa huku akimsifu mumewe kwa Kimatengo, maneno ambayo kanisani hayasemwi.

Kila Jumamosi alipoisafisha bunduki ile, Babu alinipa kipande cha karatasi nikipitishe katikati ya mtutu na mbao, kuanzia mbele kurudi nyuma. Kikiteleza bila kukwama, aliridhika. "Mtutu hautaki kushikwa, mama," aliniambia. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Mbao ikiugusa, unanuna, unapeleka risasi unakotaka wenyewe." Nilidhani ni utani wa wazee. Niliipenda kazi ile ya karatasi kuliko kazi zote za nyumbani, na niliipenda bunduki ile kama watoto wengine wanavyopenda ndama.

Kwa hiyo Babu alipozikwa, na mvua za mwaka ule zikawa za kutokata, nikaona ukungu wa kijani umeanza kuota kwenye ukuta ambapo bunduki yake ilitundikwa. Baba alikuwa amefungia risasi zote kwenye sanduku lake, na bunduki hakuigusa. Alikuwa bado analia. Niliishusha mimi. Niliipaka mafuta, nikaifunga kwa khanga kuukuu, nikaipandisha darini katikati ya mahindi ya mbegu, juu kabisa ya mafiga. Bibi aliniona. Alisema, "Umefanya vema, mjukuu wangu, hapo hata ukungu haufiki." Nilivimba kichwa siku nzima. Ile ya magazini hakuna aliyeijali, ikabaki kwenye boksi lake.

Mvua zilipokwisha, Baba alianza kushughulikia kibali. Kibali kingetoka kwa bunduki moja. Nyingine angeikabidhi kituoni. Wanaume wa kwetu hubishania jambo kama hili wiki nzima, lakini Baba alikuwa mtu wa kupima. Alisema bunduki ya kanga haihitaji kelele wala wingi wa risasi, inahitaji kulenga; sungura anayekimbia ndiye anayetaka magazini; basi ile itakayokusanya risasi zake mahali padogo ndiyo itakayobaki, hata kama ni ya zamani. Moyoni nilicheka. Nilijua ipi ingeshinda. Alichana karatasi ya daftari langu, akachora duara kwa kitako cha chupa ya soda, akaibandika kwenye kichuguu ng'ambo ya shamba la kahawa, hatua hamsini. Alilaza bunduki juu ya gunia la pumba. Bibi alileta kigoda chake akakaa nyuma yetu kama mtu aliyekuja kusikiliza sifa zake.

Ya magazini ilianza. Risasi tano, zote ungezifunika kwa kiganja changu. Kisha ikaja ya Babu, niliyokuwa nimeishusha mwenyewe darini. Ya kwanza ilikaa pembeni mwa duara. Ya pili ikapanda kulia. Ya tatu ikapanda zaidi, na kila mtutu ulivyopata joto ndivyo risasi zilivyozidi kuhama, mpaka ya tano ikaikosa karatasi kabisa. Baba alirekebisha shabaha, akarudia, ikawa vilevile. Alikaa chini, akaitazama bunduki, akaangua kicheko, kicheko cha kwanza tangu msiba. "Kumbe mzee alikuwa anatupiga fiksi! Kanga wa kichwani, kwa bunduki hii? Labda aliwakuta wamelala!" Nilimwona Bibi akinyanyuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani.

Jioni ile nilichana karatasi nyingine, nikaipitisha chini ya mtutu kama nilivyofundishwa. Ilifika katikati ikakwama. Nikavuta, ikachanika. Miezi minne juu ya moto ilikuwa imeikausha mbao mpaka ikapinda ikaugandamiza mtutu. Ilikuwa Ijumaa, na Baba alikuwa anaikabidhi Jumatatu. Nilikuwa na Jumamosi nzima na Jumapili nzima ya kusema sentensi moja. Niliogopa kuchapwa, lakini nisijisingizie: zaidi niliogopa kuzipoteza zile sifa alizonipa Bibi. Jumatatu asubuhi Baba aliifunga bunduki kwenye gunia, akapanda baiskeli, na mimi nikamfungulia lango la uzio.

Bunduki ilikwenda, ila neno lilibaki. Nyumbani kwetu mtu akitia chumvi kwenye habari yoyote, anaambiwa, "Huyo sasa ni kanga wa mzee." Kaka zangu walilibeba mpaka shuleni. Wake zao walilikuta, wakalitumia bila kujua lilikotoka. Bibi hakusimulia tena habari za mumewe na kanga. Aliishi miaka tisa baada ya hapo, na sikumsikia hata mara moja. Alikufa akiamini mimi niliitunza vizuri ile bunduki, na kwamba mumewe alimdanganya.

Mwaka jana mwanangu alipata kipaimara kule Ngumbo, kando ya ziwa, ambako Baba alishateremka kuishi, kwa kuwa magoti yake yaliukataa ubaridi wa Matiri. Tulikuwa tunakula samaki barazani, Baba akalitoa lile neno la kanga wa mzee, watu wakacheka. Mwanangu akamuuliza, "Kwa hiyo babu, baba yako alikuwa mwongo?" Aliuliza bila ubaya wowote. Baba akajibu, "Mwongo mzuri sana." Nilimwambia pale pale, mbele ya wote: dari, moto, karatasi iliyokwama. Nilitegemea anigombeze, na kweli ningeshukuru. Baba alisema tu, "Miaka thelathini na tatu, mama. Namcheka baba yangu." Akanawa mikono, na samaki wake akabaki sahanini.

Wiki iliyofuata aliomba tumpeleke Matiri. Katika nyumba ile sasa anaishi mdogo wangu. Mbegu hununuliwa dukani zikiwa na dawa, zinakaa kwenye pipa la plastiki, na darini kumebaki masizi tu. Kanga hawaji tena. Vichaka walikojificha vimekuwa mashamba ya kahawa mpaka juu. Tungekuwa na bunduki leo tusingekuwa na cha kulenga. Tuna vitu vikavu zaidi na salama zaidi kuliko zamani, na sijui mtoto gani siku hizi hupewa karatasi akaambiwa asikilize chuma kinataka nini.

Makaburi yako chini ya shamba, Babu na Bibi ubavu kwa ubavu. Baba alikataa kushikwa mkono. Alivua kofia, akapiga goti moja kwa shida, yeye mwenye wajukuu kumi na mmoja, akaweka kiganja juu ya saruji.

"Shikamoo, baba," alisema. "Ilikuwa mbao. Haukuwa mkono wako." Kisha akaligeukia kaburi la pili, akarudia habari ile ile, polepole, ili Bibi naye asikie.